Msaada: mbwa anakwisha mbele ya macho yangu, homa inakuja na kuondoka, sasa macho yamekuwa ya bluu (Mwanza)

Binti_Luchelele
Wakuu habari za humu. Nipo Mwanza, huku Luchelele. Naomba mwenye uzoefu na mbwa anisaidie, mimi nimegota.

Mbwa wangu anaitwa Sijali. Dume, miaka minne, chotara wa German Shepherd na hawa mbwa wetu wa kawaida. Akiwa mzima alikuwa na kilo 24, juzi kwenye mzani ana 20. Chanjo ya kichaa anayo na kadi ninayo, msinianzishie hiyo.

Ilianza kwa kulala. Mbwa aliyekuwa anaruka geti likiguswa tu, sasa linagongwa anafungua jicho moja anafunga. Kula anakula, tena vizuri, ila anakonda mbavu zinahesabika. Homa ndiyo inayonichanganya: leo kipimajoto kinasoma 40.3, keshokutwa 38.6 anatikisa mkia, nasema tumepona. Inapita siku mbili tatu, inapanda tena. Fizi zimepauka, nikibonyeza kwa kidole nikaachia, wekundu unachelewa kurudi. Tezi chini ya taya na nyuma ya magoti zimevimba. Uso nao umevimba juu ya macho, kama kaumwa na nyuki.

Sasa tangu Ijumaa jicho la kushoto limeingia ukungu wa bluu. Siyo mtoto wa jicho ule mweupe wa katikati, hapana, ni kioo chote cha mbele. Jana na la kulia limeanza. Anagonga miguu ya meza.

Daktari wa mtaani alisema homa ya kupe, akachoma oksitetrasaiklini. Akapata nafuu kidogo, akarudi pale pale. Tukahamia doksisaiklini ya vidonge. Damu ilipimwa mara moja kwenye kioo, majibu: hakuna kitu. Nimeambiwa niendelee na vidonge nisubiri. Nasubiri nini?

Sangara_Mkavu
Kilo 20 za mbwa unazipimia homa na kipimajoto? Dada hiyo hela si ungenunua beberu ukale sikukuu. Samahani lakini.

Binti_Luchelele
Beberu hakunifukuzia wezi mwaka jana. Kama huna la kusaidia pita kushoto.

Mama_Kija
Pole mwanangu. Huyo kaonja sumu ya panya, majirani siku hizi hawana utu. Mpe maziwa.

Mzee_wa_Kamanga
Jicho la mbwa likiingia ukungu sisi zamani tulikuwa tunapuliza chumvi iliyosagwa. Linawasha mara moja, kesho linasafishika. Jaribu.

Kipara_Igoma
Mzee chumvi usimwambie mtu. Kioo cha jicho kikishakuwa na shida ukatia chumvi unamtoboa. Na usikimbilie yale matone ya macho ya binadamu pale famasi, mengi yana deksamethasoni ndani. Kama kuna kidonda kwenye kioo, ile dawa inakichimba.

Mimi naona hiyo ni homa ya ini ya mbwa, ya virusi. Nilikuwa na kitoto kikatoka na jicho la bluu hivyo hivyo baada ya kuumwa. Wazungu wanaliita kabisa jicho la bluu.

Dokta_wa_Malisho
Binti, umeandika vizuri kuliko wanafunzi wengi ninaowapokea. Kabla watu hawajaendelea kumtibu mbwa kwa kubahatisha, nijibu haya:

Damu puani imewahi kutoka? Fizini au tumboni kuna vidoadoa vyekundu? Mkojo una rangi gani, wa kawaida au kama kahawa? Anakula nyama mbichi? Na la mwisho, usilichukulie juu juu: miezi mitatu minne iliyopita huyu mbwa alikuwa analala wapi? Hapo Luchelele siku zote?

Binti_Luchelele
Shikamoo dokta. Damu puani hapana. Vidoa sijaona, na fizi nimezitazama kwa tochi ya simu. Mkojo wa kawaida, njano. Nyama mbichi hapa kwangu hapana, anakula ugali na dagaa, siku nyingine supu ya mapupu.

Kulala wapi: nilisafiri Dar kikazi, nikampeleka kwa mjomba, huko mbele ya Lamadi karibu na geti la Ndabaka. Alikaa wiki kadhaa, akawa anafuatana na ng'ombe malishoni. Mjomba alimpenda, akagoma kumrudisha, ikabidi nimfuate. Huko nyama ya machinjioni alikuwa anapewa, nadhani hata mizoga alikula. Ila alirudi mzima kabisa dokta, mnene.

Dokta_wa_Malisho
Marahaba. Ndabaka ni mdomo wa Serengeti upande wa magharibi. Ng'ombe wa vijiji vile wanachunga jirani na hifadhi, na kule kuna mbung'o.

Sijamwona mbwa wako kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini homa ya kupanda na kushuka, damu kupungua, tezi, uso kuvimba, kukonda huku anakula, na vioo vya macho kuingia ukungu wa bluu, kwa mbwa aliyetoka upande ule, cha kwanza kukitafuta ni nagana. Yaani vimelea vya tripanosoma, vinavyobebwa na huyo mbung'o. Wafugaji wa ng'ombe wanaujua, ila watu wa mjini hawawazi kabisa kwamba mbwa naye anaupata. Na mbwa unampiga vibaya kuliko ng'ombe wetu wengi wa kienyeji.

Homa inakwenda na kurudi kwa sababu ya ujanja wa hicho kimelea. Mwili unatengeneza kinga ya kukiua, wengi wanakufa, homa inashuka. Wachache wanaobaki wanakuwa wamebadilisha ganda lao la nje, kinga ile haiwatambui, wanazaliana upya, homa inapanda. Ndiyo maana unasema amepona, halafu hajapona.

Kipara, hoja yako ya homa ya ini ina uzito, jicho linafanana sana. Ila ugonjwa ule huwaandama zaidi watoto wa mbwa wasiochanjwa, na jicho huwa linakuja wakati mbwa anaelekea kupona. Huyu anazidi kudidimia. Erlikia, hiyo homa ya kupe mliyoanza nayo, nayo inaweza kuharibu macho, ndiyo maana simlaumu mwenzangu aliyeanza na doksisaiklini, hapa Mwanza kupe ndiye mshukiwa wa kila siku. Na mbwa mmoja anaweza kubeba vyote viwili, kwa hiyo vidonge usiviache katikati.

Mtu_wa_Musoma
Hapo kwa mbwa wa kando ya Serengeti naongezea. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walikufa karibu theluthi moja, ikaja kugundulika ni virusi vya distempa, na mbwa wa vijijini walinyooshewa kidole. Tangu wakati huo kuna kampeni za kuchanja mbwa vijiji vile. Huyu hana distempa?

Dokta_wa_Malisho
Distempa ningetarajia makamasi, kikohozi, kuharisha, baadaye kutetemeka na degedege. Binti hajataja hata kimoja. Lakini swali zuri.

Binti_Luchelele
Dokta sasa mbona damu ilipimwa wakasema hakuna kitu?

Dokta_wa_Malisho
Kioo kimoja kuwa kisafi hakina maana damu ni safi. Siku homa imeshuka vimelea vinakuwa vichache mno kwenye damu, mpimaji anaweza kutazama hadi macho yaume asikute hata kimoja. Fanya hivi:

Pima joto asubuhi na jioni uandike. Siku ikipanda, siku hiyo hiyo mpeleke maabara, usingoje kesho. Waombe wasiishie kwenye tone la kawaida. Damu iwekwe kwenye kale kamrija kembamba, izungushwe kwenye mashine, kisha watazame ule mstari mweupe unaokaa kati ya chembe nyekundu na maji ya damu. Vimelea hujikusanya hapo. Mrija huo huo utakupa na kiwango cha damu. Mbwa mzima huwa na kama asilimia 37 hadi 55. Na watengeneze kioo kingine cha kupaka rangi, watafute babesia na erlikia, magonjwa ya kupe, kwa wakati mmoja.

Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wana kituo Mwanza. Anzia hapo.

Ngosha_Mkolani
Mnazunguka sana. Dawa ya nagana ipo duka lolote la pembejeo, ya unga, pakiti ndogo. Mimi nachoma ng'ombe wangu mwenyewe. Dada njoo inbox nikuelekeze, unamaliza leo leo.

Dokta_wa_Malisho
Ngosha, nakuheshimu, lakini hapo utamuua mbwa wa watu.

Hiyo dawa ni diminazini. Pakiti ile ya gramu 2.36 imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Kuna wanaoiyeyusha kwa mililita 12.5 za maji, kuna wa 15. Dozi ya mbwa ni miligramu 3.5 kwa kila kilo, sindano moja ya msuli. Ukiyeyusha kwa 15, mbwa wa kilo 20 anahitaji mililita moja tu. Mkono ukiteleza ukavuta mbili, umempa maradufu. Ng'ombe angevumilia, mbwa anavuja damu ubongoni, anaanza kuyumba, kukakamaa, anakufa na utasema ugonjwa ndio umemuua. Sijaandika hesabu hii ili mtu achome nyumbani. Nimeiandika muone nafasi ya kukosea ilivyo finyu. Achome daktari, baada ya kumpima uzito siku hiyo, siyo uzito wa mwaka jana.

Ngosha_Mkolani
Nimekuelewa doki. Kwa mbwa sikujua. Wabheja.

Sangara_Mkavu
Mimi nilikuja kucheka, sasa nasoma. Leteni mrejesho.

Binti_Luchelele
MREJESHO.

Homa ilipanda alfajiri, 40.5. Bodaboda watatu walikataa kabisa, mmoja akaniambia labda nimfunge kwenye kiroba. Nikapata bajaji, dereva kijana mdogo, akatandika kanga yake mwenyewe kiti cha nyuma. Mungu ambariki.

Maabara wakatoa damu, wakazungusha. Kiwango asilimia 19. Yule mpimaji akakaa kwenye hadubini kimya muda mrefu mpaka nikaanza kusali. Kisha akaniita: njoo utazame mwenyewe. Mwanzoni nikaona vidoti tu vya duara vimejaa, ndizo chembe nyekundu. Akaniambia usitazame chembe, tazama zinaposukumwa. Nikatulia. Pale pembeni chembe zikaanza kugutuka, zinapishana bila kuguswa, halafu nikakiona: chembamba, hakina rangi, kinajinyonganyonga kinatafuta njia. Kisha kingine. Wakuu niliishiwa nguvu za magoti. Hicho ndicho kilikuwa ndani ya mwanangu muda wote huo na mimi namlaumu kupe.

Erlikia hawakuiona ila wamesema doksisaiklini niimalize siku zake 28. Babesia hakuna. Amechomwa ile sindano, akapimwa kilo kwanza, na daktari akavuta dawa kwa bomba la sindano dogo kabisa, akanionyesha mstari kabla ya kuchoma. Damu ya kuongezewa tuliizungumza, akasema kwa 19 na bado anasimama, tumpe nafasi kwanza.

Sasa nielekezeni kumuuguza. Leo hataki kula, mara ya kwanza tangu aanze kuumwa.

Kipara_Igoma
Hongera dada. Aliyekwambia homa ya ini anakaa kimya sasa 😅

Mama_Kija
Mwanangu mchemshie maini, uyakatekate madogo, umpe kwa mkono, siyo kwenye sahani. Mgonjwa akiona sahani imejaa anachoka. Na mchuzi wake usitie chumvi wala vitunguu, vitunguu ni sumu kwa mbwa. Hilo niliambiwa na mtu wa mifugo zamani.

Dokta_wa_Malisho
Mama Kija kasema sawa, hasa kwenye vitunguu. Vinavunja chembe nyekundu, na huyu hana za kupoteza.

Mengine: maji karibu na mdomo wake, abadilishiwe mara kwa mara. Haoni vizuri, kwa hiyo usihamishe vitu nyumbani, bakuli likae pale pale siku zote, na umwite kabla hujamgusa, mbwa asiyeona akishtuka anauma hata bwana wake. Asikimbie wala kupanda ngazi, moyo wake unafanya kazi ya wawili kwa damu kidogo aliyonayo. Kama analala upande mmoja mgeuze, asije akapata vidonda kwenye nyonga. Homa ikipanda mfute kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, tumboni na kwenye nyayo. Panadoli usimpe. Diklofenaki ndiyo kabisa, itamtoboa tumbo.

Macho hufunguka yenyewe vimelea vikiisha, taratibu. Wengine ukungu unaisha wote, wengine linabaki kovu. Usiahidiwe.

Binti_Luchelele
Amekula maini. Vipande vichache, kisha akalamba vidole vyangu vyote. Jioni hii 38.9.

Mzee_wa_Kamanga
Alhamdulillahi. Sasa doki, ndiyo kapona au tunasubiri tena?

Dokta_wa_Malisho
Tunasubiri, na hapa ndipo watu wengi wanapojisahau.

Tripanosoma wapo wa aina kadhaa. Wa kongolense hukaa kwenye damu, dawa inawafikia. Wa brusei hupenda kutoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama za mwili, machoni na hata ubongoni, na diminazini haipenyi vizuri ubongoni. Kwa kutazama tu hadubini hivi ni vigumu kuapa ni yupi. Mbwa anachangamka, mwenyewe anafurahi, baada ya wiki kadhaa homa inarudi, au anaanza kuzungukazunguka na kugonga kichwa ukutani. Kwa hiyo damu irudiwe hata kama anaruka ukuta. Joto liendelee kuandikwa. Likipanda, ni maabara siku hiyo hiyo.

Binti, kuna jambo jingine. Mjomba wako mzima?

Binti_Luchelele
Mjomba mzima... analalamika homa na kichwa, lakini amesema ni malaria, anakunywa dawa. Kwa nini dokta?

Dokta_wa_Malisho
Mbwa hamwambukizi mtu kwa kulambwa wala kulala naye chumba kimoja, hilo lala usingizi. Lakini mbung'o aliyemuuma mbwa hakumchagua mbwa peke yake. Kuna aina ya brusei inayompata binadamu, ndiyo malale, na ile ya Afrika Mashariki inakwenda haraka, ndani ya wiki, siyo miaka. Mwambao wa ziwa hili una historia nayo ndefu. David Bruce alikuwa Entebbe mwaka 1903 alipoonyesha kwamba mbung'o ndiye anayeibeba, na wakati ule watu walikuwa wanakufa kwa maelfu kwa maelfu upande wa Uganda. Siku hizi wagonjwa ni wachache sana. Ndiyo sababu daktari wa zahanati anaweza asiiwaze kabisa.

Mwambie aende hospitali ya wilaya, na akifika pale asiseme "nina malaria". Aseme: nachunga karibu na hifadhi, naumwa na mbung'o, mbwa wetu amekutwa na tripanosoma, naomba mtazame damu yangu. Ajichunguze mwilini kama kuna uvimbe mwekundu wenye kuuma mahali alipoumwa. Dawa za malale hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani, asiogope gharama.

Binti_Luchelele
Ilibidi nimpigie shangazi ndiyo mjomba akasikia. Alinijibu "yaani mbwa wako wa mjini ndiye ananipeleka hospitali". Kaenda. Wametazama damu, malale hawajaona, malaria wameikuta kweli. Wamemwambia arudi homa isipokata.

Ila afisa mifugo wa kata alipita bomani kwake. Ng'ombe wawili waliokuwa wanakonda nao wamekutwa nayo. Sasa wanamwagiwa mgongoni ile dawa ya deltamethrini, mbung'o akitua tu anakufa. Na shati lake la bluu la kuchungia shangazi kalifanya tambara la kudekia, maana afisa kasema mbung'o wanaifuata bluu, hata mitego yao ni vitambaa vya bluu na vyeusi.

Sijali ana kilo 22. Damu ya marudio safi, kiwango asilimia 33. Jicho la kulia limefunguka lote. La kushoto bado lina wingu chini, kona ya ndani. Amembwekea mtu wa LUKU.

Sangara_Mkavu
Mtu wa LUKU anastahili. Dada nafuta kauli ya beberu.

Paka_Mweusi
Hiyo dawa ya kumwagia naweza kumpaka na paka wangu?

Dokta_wa_Malisho
HAPANA. Paka hawavumilii dawa za jamii hiyo, atatetemeka hadi afe. Na kama una mbwa na paka wanaolala pamoja, mbwa aliyepakwa leo wasilale pamoja leo.

Chifu_Sengerema
Wakuu nimeusoma uzi wote. Nina jike hapa Sengerema, alikuwa Biharamulo na kaka yangu, kakonda, homa ya kuja na kuondoka, jicho bado safi. Niwatumie damu kwenye chupa kwa basi la asubuhi, au?

Dokta_wa_Malisho
Mlete mbwa mwenyewe. Vimelea hufa ndani ya saa chache, na mpimaji anategemea kuviona vikicheza. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, husubiri kivuko. Kama huwezi kabisa, damu iwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau isije ikaganda, iwekwe kwenye baridi bila kugusa barafu, na daktari wa hapo apake vioo viwili vikauke uvilete pamoja. Usisubiri jicho libadilike. Mpime joto kesho alfajiri, likiwa limepanda, panda gari.